Somo la Leo Lanihusu Nini?

Dominika ya Tatu ya Mwaka, Mwaka C
Masomo: Neh 8:2-4a.5-6.8-10, 1 Kor 12:12-30, Lk 1:1-4, 4:14-21



Wapendwa wasikilizaji, na hasa ninyi makatekista na waamini wa Mwandoya na vigango vyake, mlioketi karibu na redio asubuhi hii ya Januari, wakati palizi ya pamba inawangoja na maghala yameanza kuonyesha sakafu: leo Mama Kanisa anatuwekea mezani masomo yanayozungumza juu ya kusoma kwenyewe. Si mara nyingi jambo hili hutokea. Kwa kawaida tunasoma Maandiko ili tusikie habari za watu wengine, za wafalme, manabii na mitume. Leo tunasoma habari za watu waliokuwa wakisomewa. Twaona jinsi walivyosimama, walivyolia, na walivyofanya walipotoka pale. Kwa hiyo twaweza kujitazama kama mtu anayejitazama katika maji ya kisima.

Somo la kwanza latupeleka Yerusalemu, katika karne ya 5 kabla ya Kristo. Watu wamerudi kutoka uhamishoni Babeli. Kuta za mji zimejengwa upya, lakini mioyo bado ni magofu. Basi kuhani Ezra analeta kitabu cha Torati mbele ya mkutano, kwenye uwanja ulio mbele ya Lango la Maji. Anapanda juu ya jukwaa la mti lililotengenezwa kwa shughuli hiyo, anafungua kitabu, na watu wote wanasimama. Anasoma tangu alfajiri hata adhuhuri. Ndugu zangu, tangu alfajiri hata adhuhuri! Nasi tunatazama saa ikiwa msomaji amezidisha dakika tano. Mwandishi anaangalia pia kutuambia ni nani waliokuwapo: wanaume, wanawake, na wote walioweza kuelewa. Tena anatuambia kwamba Walawi walikuwa wakisoma kwa ufasaha na kueleza maana, hata watu wakayaelewa yaliyosomwa. Hao Walawi, wapendwa makatekista, ni ninyi.

Watu walipoelewa, wakalia. Walilia kwa sababu waliyasikia maneno ya zamani kama maneno yanayowahusu wao. Torati ile ilikuwa imekwisha kusomwa vizazi vingi. Baba zao waliisikia, pengine kwa uchovu, nao hawakulia. Siku ile ikawa tofauti. Ndipo Nehemia na Ezra wakawaambia wasiomboleze, bali waende zao, wale vilivyonona, wanywe vitamu, na wawapelekee sehemu wale ambao hawakuandaliwa kitu. Naomba mlishike hilo la mwisho, la kupeleka sehemu. Nitalirudia baadaye, kwa maana hapo ndipo masomo ya leo yanapogusa jambo gumu katika nchi yetu ya Usukuma.

Injili nayo yatupeleka Nazareti. Yesu anaingia katika sinagogi siku ya Sabato, kama ilivyokuwa desturi yake. Neno hili, desturi, lisitupite. Mwana wa Mungu alikuwa na desturi ya kwenda kusikiliza masomo pamoja na wanakijiji wenzake, maseremala, wakulima na wachungaji. Anapewa chuo cha nabii Isaya, anakifungua, anasoma mahali palipoandikwa juu ya Roho wa Bwana, juu ya habari njema kwa maskini, kufunguliwa kwa waliofungwa, vipofu kupata kuona, na walioonewa kuachwa huru. Anakikunja chuo, anamrudishia mtumishi, anaketi. Macho ya watu wote yanamkazia. Kisha analitamka neno ambalo juu yake ningependa tusimame: leo. Andiko lile, asema, limetimia leo, masikioni mwao.

Isaya alikuwa amekufa zamani sana. Chuo chake kilikuwa kimesomwa katika sinagogi lile tangu Yesu alipokuwa mtoto, na wazee waliokuwa wamekaa mbele walikijua karibu kwa moyo. Hakuna aliyetazamia kwamba maneno yale yangesimama na kutembea. Yesu hakuongeza aya hata moja. Aliongeza siku tu: siku hiyo waliyokuwa nayo.

Wapendwa, hicho ndicho tunachotafuta tunapouliza: somo la leo lanihusu nini mimi? Tunaitafuta leo ya lile somo.

Yafaa tukumbuke kwamba tumejaliwa utajiri ambao babu zetu katika imani hawakuwa nao. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, uliamuru hazina za Biblia zifunguliwe kwa wingi zaidi, ili meza ya Neno la Mungu iwe na chakula tele kwa waamini. Miaka miwili baadaye, tarehe 18 Novemba 1965, hati juu ya Ufunuo iliwahimiza Wakristo wote, si mapadre na watawa peke yao, wayasome Maandiko mara kwa mara. Kisha mwaka 1969 ukatolewa mpango mpya wa masomo. Kabla ya hapo, masomo ya Dominika yalirudiwa yale yale kila mwaka, na siku nyingi za juma hazikuwa na masomo yake zenyewe. Sasa Dominika zina mzunguko wa miaka mitatu: Mwaka A tunamsikiliza hasa Matayo, Mwaka B Marko, na Mwaka C, kama leo, Luka. Siku za juma somo la kwanza huzunguka kwa miaka miwili, na Injili hurudi kila mwaka. Mwaka 2019 Baba Mtakatifu Fransisko aliiweka Dominika hii ya Tatu ya Mwaka kuwa Dominika ya Neno la Mungu kwa Kanisa lote. Maana yake ni kwamba mama wa kigango cha mbali, ambaye hamwoni padre kila Dominika, akiwa na Biblia na kalenda ya liturujia ukutani, anasoma siku ile ile Injili ile ile inayosomwa Roma, Kinshasa na Manila. Siku hizi wako wanaozipata aya hizo katika simu. Mimi silalamiki, mradi simu hiyo isilie katikati ya aya.

Lakini chakula kuwapo mezani si sawasawa na kula. Wako waamini wema ambao wamesoma masomo ya kila siku kwa miaka, wanafunga kitabu, na saa tatu asubuhi ukiwauliza somo lilihusu nini hawakumbuki. Wengine husema kwa unyofu: Padre, somo la leo halikunihusu, lilikuwa majina matupu. Na kweli, tarehe 17 Desemba kila mwaka Kanisa husoma ukoo wa Yesu katika Matayo, majina baada ya majina. Walakini Msukuma gani hajui thamani ya kutaja ukoo? Wazee wetu wakikaa kuamua neno la ng'ombe wa mahari hutaja majina hata usiku uingie, wala hakuna anayesinzia, kwa kuwa kila jina lina deni au heshima ndani yake. Soma ukoo ule kwa sikio hilo, nawe utawasikia Tamari, Rahabu, Ruthu, na mke wa Uria: wanawake ambao watu walikuwa na maneno juu yao. Wamo katika ukoo wa Bwana.

Wazee wa Kisukuma wana methali isemayo: nakuonyesha nyota, nawe watazama kidole changu. Nimeiwaza mara nyingi juu ya jambo hili. Maandishi ya kitabu ni kidole. Tukihesabu kucha zake na kusifu urefu wake, bado hatujaona kitu. Methali kama hii si mgeni katika Kanisa letu. Katika Jimbo la Shinyanga, parokia ya Ndoleleji, mapadre wa Maryknoll pamoja na makatekista na wazee walikusanya kwa miaka mingi methali, vitendawili na hadithi za Kisukuma, wakazioanisha na Injili. Mwaka 1993 kikatolewa kitabu Kugundua Mbegu za Injili, kazi ya mapadre Donald Sybertz na Joseph Healey. Wale makatekista walifanya kazi ya Walawi wa Ezra. Waliwaeleza watu maana kwa lugha ambayo watu walilia nayo na kucheka nayo.

Basi mtu anaionaje nyota? Nitawapa mfano wa Mwafrika mwenzetu, ambaye sikukuu yake tumeiadhimisha tarehe 17 mwezi huu. Antoni alizaliwa Misri katikati ya karne ya 3. Wazazi wake walikufa akiwa kijana wa miaka 18 au 20, wakamwachia mashamba mazuri na dada mdogo wa kumlea. Siku moja aliingia kanisani wakati Injili inasomwa, ile ya kijana tajiri ambaye Yesu anamwambia akauze alivyo navyo, awape maskini, kisha amfuate. Kanisa lilikuwa na watu. Bila shaka walikuwamo matajiri kumzidi. Antoni hakugeuza shingo kuwatazama. Alisikia kana kwamba somo limesomwa kwa ajili yake. Akatoka, akawagawia wanakijiji mashamba yake, akauza vitu vingine akawapa maskini, akaweka akiba kidogo kwa ajili ya dada yake. Mpaka hapo twaweza kusema alikuwa na kichwa chepesi cha ujana. Lakini siku nyingine akasikia Injili ya kutosumbukia ya kesho, akaitoa hata ile akiba, naye dada yake akamkabidhi kwa mabikira waaminifu wamlee. Somo moja lilimfungulia njia, somo la pili likamsogeza mbele. Hakumaliza yote siku moja.

Ninachokipenda katika habari hiyo ni ile shingo isiyogeuka. Maana sisi, wapendwa, tuna shingo laini sana. Injili ikisomwa juu ya wanafiki, tunajua benchi wanaloketi. Ikisomwa juu ya mke mwema, mume anamkohoa mkewe. Ikisomwa juu ya kusamehe, mwenye deni ndiye anayesikia vizuri kuliko mdai. Katika jumuiya zetu ndogo ndogo nimesikia mashirikishano ambayo yalikuwa mashtaka yaliyovikwa kanzu: “Somo hili limenigusa sana, maana wako baadhi yetu hapa...” Hapo roho ya somo imekwisha kuondoka, limebaki jiwe mkononi.

Hapa sina budi kulisema lile jambo gumu. Yako mafundisho yanayohimiza watu wapate maana binafsi katika Maandiko, nami nayahimiza. Lakini maana binafsi si maana yoyote niipendayo. Katika mikoa yetu hii ya Usukuma maana ya mtu binafsi imeua watu.

Mnajua ninachokisema. Kati ya mwaka 1970 na 1984 zaidi ya watu 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa kutuhumiwa uchawi, na zaidi ya nusu ya matukio hayo yalitokea Usukuma. Wengi wa waliouawa walikuwa wanawake, na wengi wao wazee. Mauaji hayo hayakuishia mwaka ule wa 1984. Baadaye, tangu karibu mwaka 2006, tukasikia tena habari za kuuawa na kukatwa viungo ndugu zetu wenye ualbino katika Kanda ya Ziwa. Mtoto amekufa kwa homa, au ng'ombe wamekufa, au ndugu wanagombania shamba la marehemu. Mtu anakwenda kwa mpiga ramli. Mpiga ramli anaelekeza kidole. Usiku mapanga yanabisha hodi kwa bibi anayeishi peke yake. Na alama yake ni ipi? Macho mekundu.

Ndugu zangu, macho yale yamekuwa mekundu kwa nini? Katika nchi ambayo miti imekatwa, bibi huyo amepika maisha yake yote kwa mabua ya mtama, vijiti vya pamba na samadi kavu, ndani ya jiko lisilo na dirisha. Amepuliza moto huo alfajiri na jioni, miaka arobaini, miaka hamsini. Moshi ule umeyachoma macho yake ili ugali uive. Na ugali huo ulikuwa wa nani? Wa watoto na wajukuu. Wengine kati ya wale wanaomnong'ona leo walilelewa kwa moshi huo.

Sasa sikilizeni. Hutokea mtu, pengine Mkristo aliyebatizwa na kupewa kipaimara, akaichukua Biblia na kuonyesha aya moja katika kitabu cha Kutoka, sura ya 22, inayoamuru mwanamke mchawi asiachwe kuishi. Asema: hili ndilo neno Mungu aliloniambia. Amelipata lake binafsi! Amelikata kama mtu anayekata kipande cha ngozi ili ashone ala ya panga. Mwambieni mtu huyo asifunge kitabu haraka hivyo. Asogeze kidole chake aya nne tu mbele, katika sura ile ile. Hapo atakuta Mungu akikataza asiteswe mjane wala yatima, na akiapa kwamba akiteswa akamlilia Yeye, hakika atakisikia kilio chake, na hasira yake itawaka. Maneno hayo ya mgeni, mjane na yatima ndiyo Kanisa linayoyasoma kwenye Dominika ya 30 ya Mwaka A. Ile aya ya uchawi haimo katika masomo ya Dominika yoyote. Mama Kanisa anajua ni chakula gani awape watoto, na namna gani Torati ya kale isomwe kwa mwanga wa Kristo, ambaye hakuua mtu.

Kwa hiyo, ndugu katekista, muumini akija kwako na kusema: Mungu ameniambia hivi katika somo la leo, usimkatishe tamaa, lakini muulize maswali ya nyumbani. Je, neno hilo linamdai yeye kitu, au linamdai jirani tu? Je, umesoma aya zilizotangulia na zinazofuata? Na je, neno hilo likitendwa, yule aliye dhaifu kuliko wote kijijini atalala salama zaidi usiku huu, au atafunga mlango kwa mnyororo? Hapo utajua kama ni sauti ya Bwana au ni sauti ya ramli iliyojificha nyuma ya jalada la Biblia.

Mtume Paulo katika somo la pili anatusaidia vizuri ajabu. Anawaandikia Wakorinto waliokuwa wakijivunia kila mtu karama yake, anawaambia kwamba wao ni mwili mmoja wenye viungo vingi. Jicho haliwezi kuufukuza mkono, wala kichwa hakiwezi kuifukuza miguu. Tena anaongeza jambo ambalo dunia hailisemi: vile viungo vionekanavyo kuwa dhaifu ndivyo vya lazima zaidi. Basi yale macho mekundu ni macho ya mwili gani? Bibi yule akiwa amebatizwa, akiwa ndiye aliyekaa nyuma kanisani na rozari yake, macho yale ni macho ya mwili wa Kristo. Na kama hakubatizwa, yeye ni mjane wa ile sura ya 22, na Mungu amesema atasikia.

Naam, ndiyo maana nilisema tulishike lile la kupeleka sehemu. Watu wa Yerusalemu hawakuambiwa waende nyumbani wakaandike mawazo yao mazuri. Waliambiwa wale, wanywe, na wampelekee yule asiyeandaliwa kitu. Hapo ndipo kuelewa kwao kulikotoka nje ya uwanja na kwenda kugonga mlango wa mtu. Januari hii, wazazi wamelipia sare na madaftari ya watoto, mahindi yamepungua, mtama mpya bado haujatoa masuke, na mvua zinakuja kwa kusuasua. Asiyeandaliwa kitu yupo. Si lazima kumtafuta mbali hata Mwanhuzi au Bariadi.

Sasa, makatekista wapendwa, niseme kwa kifupi juu ya namna ya kufanya, kwa kuwa wengi mmeniuliza. Msiwafundishe watu njia ndefu ambayo mkulima aliyetoka palizi hataiweza. Somo lisomwe jioni ya kuamkia siku yake, likiwa bado jipya, kwa sauti, hata kama msomaji yuko peke yake. Sikio husikia kitu ambacho jicho limeruka. Lisomwe mara ya pili polepole. Kisha kimya, si kirefu, kama muda wa maji kuchemka katika sufuria ndogo. Katika kimya hicho mtu ashike neno moja, au tendo moja, au mtu mmoja aliyemo katika somo, asing'ang'anie kuelewa yote. Asubuhi aende nalo shambani. Jembe lina subira kuliko sisi. Mstari mmoja wa pamba watosha kulitafuna neno moja. Na kabla ya kulala ajiulize: leo neno hili limenipeleka kwa nani? Kama halikumpeleka kwa mtu yeyote, asikate tamaa. Kesho kuna somo jingine. Lakini zikipita wiki tatu asiende kwa mtu yeyote, ajue kwamba anatazama kidole.

Katika jumuiya mnayo ile njia ya hatua saba iliyotoka kwa ndugu zetu wa Lumko, Afrika ya Kusini, ya kumkaribisha Bwana, kusoma, kutaja maneno yaliyotugusa, kunyamaza, kushirikishana, kupanga tendo na kusali. Ni njia njema. Naona hata hivyo kwamba jumuiya nyingi hufika hatua ya kushirikishana zikaona raha ya kuongea, zikasahau hatua ya sita, ya kukubaliana tendo la juma. Afadhali mfupishe maneno mpate tendo. Na tendo liwe na jina la mtu na siku yake: nani atakwenda kumpalilia mgonjwa, Jumanne au Alhamisi. Wazee wanasema kuku mwenye vifaranga hamezi funza peke yake. Baba au mama aliyepata neno la asubuhi alimegue kwa watoto wakati wa uji, kwa sentensi moja tu. Watoto hawahitaji mahubiri.

Yuko pia mwamini asiyejua kusoma. Huyo asijione kuwa nje. Katika sinagogi la Nazareti aliyesoma alikuwa mmoja. Wengine wote walisikia. Ezra alisoma mbele ya wote walioweza kuelewa, wala hakuna palipoandikwa kwamba waliweza kusoma. Mjukuu wa darasa la nne amsomee bibi yake Injili ya kesho. Mtoto atajifunza kusoma kwa sauti, na bibi atamweleza maana, maana ameishi.

Niliposema kwamba watu wa Nazareti walimkazia macho Yesu, sikumaliza habari. Kanisa limeikata Injili leo makusudi, na sehemu iliyobaki itasomwa Dominika ijayo. Yesu atawatajia mjane wa Sarepta, mwanamke wa kigeni, ambaye nabii Eliya alitumwa kwake wakati wa njaa. Na Naamani Mshami, mwenye ukoma. Papo hapo wale waliokuwa wakiyashangaa maneno yake ya neema watajaa ghadhabu, watamtoa nje ya mji, watampeleka hata ukingo wa kilima wamtupe chini. Waliipenda leo ya Yesu mpaka alipotaja mjane asiyekuwa wa kwao.

Kesho Jumatatu, Injili ya siku ni Marko 3:22-30. Ni aya tisa tu. Waandishi walioshuka kutoka Yerusalemu wanamtuhumu Yesu kwamba ana Beelzebuli, na kwamba kwa nguvu ya mkuu wa pepo anatoa pepo. Kwa lugha ya vijijini kwetu, wanamwita mchawi, tena mbele ya watu. Naomba kila nyumba iisome usiku huu kabla ya kuzima taa. Na yule anayekaa karibu na bibi ambaye watu wamekwisha kuanza kumnong'ona, aisome mara mbili, kisha kesho asubuhi, kabla jua halijawa kali, ampelekee maji au unga kidogo, akae naye barazani, na watu waliopo njiani wawaone.

Mungu Mwenyezi awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.